Mwanzisha Makofi wa Nyaramba

Katika chama Nyabuto hakuwa na cheo chochote ila makofi. Mkutanoni yeye ndiye aliyeanza, wengine wakafuata. Fulana yake ya kampeni ilikuwa imefuliwa hadi sura ya mgombea ikabaki masikio tu, naye hakuivua. Yeye na jirani yake Masese, wa chama kile kingine, hawakuwa wamesalimiana tangu uchaguzi, ingawa mashamba yao ya chai yamepakana na mbuzi wao wanakula pamoja bila ugomvi.

Asubuhi ya kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti, mkewe Kemuma alimwonyesha magunia ya majani chai yaliyogeuka mekundu. Lori la chai lilikuwa limeshindwa tena kuvuka mto, kwa sababu daraja lenyewe lilikuwa nguzo mbili na ahadi.

"Baba Sharon, leo uulize hiyo daraja," akasema Kemuma. "Chai ikioza tena, mimi sichumi. Utachuma wewe na Mheshimiwa wako."

Nyabuto akasema mambo ya chama hayaulizwi hadharani. Kemuma akaifunika sufuria kifudifudi, na Nyabuto akajua chakula cha jioni kimeingia mashakani.

Mtoni alimkuta Masese amekunja suruali, anauogopa mkondo. Wakatazamana. Maji hayakuuliza kura ya mtu. Wakashikana mikono bila salamu, wakavuka kama maharusi. Walipofika ukingo wa pili wakaachana upesi, watu wasije wakaona.

Ukumbini, mwakilishi wadi, Mheshimiwa Onyiego, aliwahutubia kwa Kiswahili kwa kuwa maafisa wa kaunti walikuwepo. "Daraja letu la chai limekamilika," akatangaza. "Kwa hivyo pesa zake mwaka huu tutajengea soko lango la kifahari." Akamtazama Nyabuto aanze.

Mikono ya Nyabuto ilikuwa tayari hewani. Maji yalikuwa bado yanachuruzika kutoka kwenye suruali yake. Aliona aibu, aibu kweli kweli, mtu mzima kulipigia makofi daraja lililomlowesha hadi kiunoni. Akaiteremsha mikono, akasimama.

"Mheshimiwa, hiyo daraja imekamilika wapi? Mimi nimepita kwa maji sasa hivi. Chai ya Mama Sharon imeoza. Naomba hiyo pesa ikae kwa daraja."

Wenzake wakamvuta fulana ikachanika begani. Watu wa chama cha Masese wakashangilia wakidhani amehamia kwao. Nyabuto akawageukia kwa hasira: "Na nyinyi mnyamaze! Hicho kiti cha wadi mlikalia miaka mitano, mlijenga nini?"

Mheshimiwa akatabasamu kwa meno tu.

"Mzee Nyabuto, wewe ni mtu wangu. Hebu waambie watu, siku hizi uko chama gani?"

Swali hilo Nyabuto hulijibu hata usingizini.

"Chama tutaongea siku ya kura," akasema. "Leo nimekuja kama mtu wa ng'ambo ya mto."

Kisha Masese akasimama. "Hata mimi natoka huko." Akasimama mama mmoja wa chama cha Nyabuto, akafuata wa chama cha Masese, wakazidi kusimama, hata waliobaki wameketi wakawa ni wale tu ambao lori linawafikia.

Mheshimiwa aliwahesabu kwa macho, maana kuhesabu watu ndiyo kazi anayoijua. Akamwinamia afisa wa kaunti.

"Hebu futa lango," akamwambia.