Mama Kamzaa Mama

Mjukuu wangu Mardhiya akirudi skuli hakuwa akinisalimu kwanza. Alisimama mlangoni na begi mgongoni, nami jikoni nasema, "Kitendawili!" Anajibu, "Tega!" Hapo ndipo anaingia. Mtoto kazaliwa Landani, Kiswahili anakisikia chote, lakini kujibu ni Kizungu kitupu. "Tega" ndilo neno letu pekee lililomtoka bila kuombwa. Mamake, binti yangu Zainab, anafanya kazi uwanja wa ndege, anaondoka alfajiri anarudi hoi. Mtoto nimemlea mimi, na "tega" ile ilikuwa yangu.

Akahamia jirani mpya, mlango unaotazamana na wetu hapa Thornton Heath. Mwanamke wa makamo yangu, mashavu mapana, kitambaa kikubwa chekundu kichwani. Mardhiya akanambia ni Mturkmeni wa kabila la Waersari, kwao Andkhoy, kaskazini ya Afghanistan, jina lake Ogulgerek. Na sebuleni kwake hamna kochi. Mna zulia linafumwa, limelazwa chini chumba kizima.

Haukupita muda mtoto akaanza kutupa begi ukumbini na kuvuka. "Bibi, nakuja!" Kwa Kizungu, na huyo. Kitendawili kikanibaki mdomoni kama kokwa ya tende.

Siku moja mlango wa jirani ulikuwa wazi. Nikamsikia mjukuu wangu anamwita yule mwanamke atazame alichokifuma. Anamwita mama! "Mama, tazama! Mama!"

Nikampigia Zainab kazini.

"Mwanao huku anamwita mtu mama."

"Mama, nna foleni ya watu hapa. Mwache mtoto."

"Nimwache? Kwako wewe si kitu?"

"Mwenye wivu ni wewe, usinisingizie mimi." Akakata.

Wivu! Mimi! Nikaosha sahani iliyokwisha kuoshwa.

Kilichonitoa ndani kilikuja kesho yake. Mlango ule ule, sauti nzito ya kigeni: "Kitendaweeli!"

Na mjukuu wangu, kwa furaha: "Tega!"

Hata hicho! Nikapanga vitumbua sahanini, maana huendi kwa mtu mikono mitupu hata kama unakwenda kugombana, nikavuka.

Nilimkuta amekaa juu ya kipande alichokwisha kukifuma, mtoto ubavuni, wanafunga mafundo ya sufu nyekundu. Kisha mwenyewe anayapiga kwa chanuo zito la chuma, du, du, du. Akainuka, akanishika mikono yote miwili, akanimiminia chai ya kijani kwenye kibakuli kisicho mkono. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu vilevile. Mkalimani akawa mtoto yule yule tuliyekuwa tukimgombea, aliyevizoea vyote viwili, naye akifasiri kwa Kizungu chake.

"Muulize, ua gani hili?" Zulia zima lilikuwa na safu za maua ya pembe nyingi, makubwa kama sinia.

"Linaitwa gol, Bibi."

"Kama la mpira?"

"Bibi!" Akaona haya, lakini akaeleza. Kila kabila la Waturkmeni lina gol yake, Wateke yao, Wayomuti yao, Waersari yao. Walipokuwa wakihama na mahema na kondoo, ukiona zulia umeshajua ni nani hao. Na wazee wao husimulia kwamba kabila likishindwa vitani, wanawake wake waliiacha gol yao wakafuma ya walioshinda. Ile ya kwao ikaitwa gol iliyokufa.

Nikavitazama vidole vya mjukuu wangu vinafuma ua la Waersari. Nikajiona nimeshindwa vita ambavyo sikuitwa kupigana.

"Mwambie yangu haijafa."

Mardhiya alinitazama, akamwambia kitu kingine. Najua, maana mwenziwe alicheka akachukua kitumbua cha pili.

Kisha akaninyooshea kidole mimi. "Kitendaweeli!"

Ningefanyaje? "Tega."

"Mama kamzaa mama."

Nikafikiri. Yai? Siyo. Mgomba? Siyo. Nikatafuta kote, patupu.

"Nipe mji!" Mardhiya akapiga makofi. Ndiyo sheria yetu, nimemfundisha mwenyewe, ukishindwa unatoa mji. "Toa Unguja, Bibi!"

"Unguja sitoi. Ilishachukuliwa mara moja, nikatoka msichana na nguo nilizovaa. Mpe Thornton Heath."

Wakanong'onezana. "Anasema amekwenda Thornton Heath, basi halijaja bado."

Nusura nicheke. Nikajizuia.

"Jibu ni bibi," Mardhiya akasema. "Kwa Kiturkmeni, mama ni yule aliyemzaa mama yako. Na babu aliyemzaa mama yako anaitwa baba. Mama mwenyewe wanamwita eje."

Mnadhani nilipoa? Nilizidi kuungua. Angeitwa mama ningemsamehe, kile si kiti changu. Bibi ndiyo mimi! Kaja kukaa kiti nilichokalia.

"Muulize, hana wajukuu wake?"

Jibu lilikuwa refu, na mtoto alipolifasiri sauti ilimshuka. Wajukuu anao, wa wanawe wa kiume. Hao humwita ene, ndivyo aitwavyo mama wa baba. Kuitwa mama lazima uwe na binti aliyezaa. Na jina lake, Ogulgerek, maana yake "anatakiwa mtoto wa kiume", wazazi wake walikuwa wamechoka kupata wasichana. Dua ikaja kujibiwa kwake yeye, kazaa wanaume watupu.

"Anasema wewe una binti, na binti yako ana binti. Anasema..."

"Anasema nini?"

"Anakuonea wivu, Bibi. Tangu siku aliyohamia."

Chai yao haina sukari, lakini ile ilishuka vizuri.

Hata hivyo sikuwa nimemaliza. "Kitendawili!"

"Tega!" wote wawili.

"Namlisha Kiswahili, ananitemea Kizungu."

Mardhiya akafasiri neno kwa neno, uso mkavu, hajui lolote. Wakajaribu redio, wakajaribu simu, wakajaribu paka wa Mngereza wa chini.

"Nipe mji," nikasema.

Bi Ogulgerek aliliweka chanuo chini.

"Andkhoy," akasema.

Sikuutarajia ule. Na mshindi lazima aseme alichokikuta mjini. Nikasema, "Nimekwenda Andkhoy, nimewakuta wanawake wanafuma, na gol ni yao wenyewe. Nimekunywa chai, nimerudi. Mji nimemwachia mwenyewe."

Safari hii mkalimani hakupunguza kitu. Bi Ogulgerek akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake.

"Na jibu, Bibi?" mtoto akauliza, kwa Kizungu.

"Mjukuu *wangu*."

Ikamwingia. Uso ukamwiva, akaruka akasimama katikati ya sufu, mikono kiunoni.

"Bibi! Mimi sikutemei!"

Kwa Kiswahili. Chote, mpaka mwisho wake.

Bi Ogulgerek akanivuta mkono, anataka kujua mtoto kasema nini. Nikamtazama, nikatabasamu. Kiingereza changu, kile kidogo nilichonacho, saa ile kilinipotea chote.