Ng'washi na Kiongozi Mpya wa Kwaya

Mwaka 1974, familia nyingi zilipohamishiwa katika kijiji cha ujamaa karibu na Bukene, alikuja mama mmoja aitwaye Siwema. Aliimba kanisani mara moja tu, mwalimu wa kwaya akampa kuongoza nyimbo, kazi ambayo Ng'washi, mwanamke mwenyeji wa hapo, alikuwa ameifanya kwa miaka tisa.

Ng'washi aliumia sana. Aliacha kwenda mazoezini, na hata Siwema alipomsalimu kisimani hakuitikia.

Siku moja alikuwa akipukuchua mahindi na mama mkwe wake, Kabula, ambaye alikuwa haoni.

"Mwanangu, mbona siku hizi huimbi?"

"Yuko anayeimba vizuri kuliko mimi, mama."

"Huyo simjui. Mimi tangu nipofuke, najua kumekucha nikikusikia wewe unaimba jikoni."

Machozi yakamtoka Ng'washi. "Bwana, nisamehe," aliomba moyoni. "Ulichonipa kinanitosha." Kisha akamwimbia mkwewe taratibu, mpaka mahindi yakaisha.

Jumapili alikwenda kusimama kando ya Siwema.

"Ongoza, dada," alimwambia. "Mimi nitaimba sauti ya pili."

Siwema alimshika mkono, wakaanza.