Uso Wangu Kwenye Pakiti

Uso wangu unauzwa dukani. Uko kwenye kila pakiti ya maziwa ya kiwanda chetu, nimefunga kitambaa kichwani, nacheka meno yote nje, na chini yake wameandika: Ng'ombe wasiodungwa homoni. Nilikubali kupigwa ile picha kwa sababu ilikuwa kweli. Ng'ombe wangu hawajui sindano ya kuongeza maziwa, na sitaki waijue.

Asubuhi moja nilifika kwenye kituo cha kukusanyia maziwa nikamkuta shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akimimina maziwa yake kwenye tangi lilelile ninalomiminia mimi. Shemeji hana siri. Ng'ombe wake wanadungwa, wanakamuliwa mpaka viwele vinavimba, na hajawahi kumdanganya mtu. Nikamuuliza ameanza lini kuleta hapa. Akasema tangu maziwa yalipopungua kiwandani, meneja alimfuata mwenyewe.

"Mimi sina kosa, shemeji," akasema. "Sura iliyo kwenye pakiti si yangu."

Yalinichoma, maana alisema kweli.

Nikaenda kwa meneja na buti zangu za zizini. Alinipa kiti, akanieleza taratibu kwamba maziwa ni maziwa, hata wataalamu hawaoni tofauti. Nikamwambia sikuja kubishana na wataalamu. Kama hakuna tofauti, afute yale maneno. Akasema maneno ndiyo yanayouza. Nikamwambia basi atoe picha yangu.

"Mama, hiyo ni picha tu," akasema, huku akitazama simu yake.

Picha tu! Hata mwizi husema alichukua kuku tu.

Nilitoka, nikaingia dukani, nikasimama mbele ya friji ya maziwa. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alichukua pakiti, akaitazama, akanitazama, akafurahi kama aliyekutana na shangazi yake. Akaongeza ya pili.

Nikamwomba azirudishe. Nikamwambia maandishi yale ni uongo, humo mmechanganywa maziwa ya kila zizi, ya waliodungwa na wasiodungwa. Furaha ikamtoka usoni.

"Lakini si wewe uliyeniambia ninunue?"

"Ni mimi," nikasema.

Nikaanza kuzigeuza pakiti, moja baada ya nyingine, picha iangalie nyuma, nisijione. Yule mama akarudisha zake, akamweka mtoto vizuri mgongoni, akanisaidia kugeuza zile za juu.