Filimbi Dirishani

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye filimbi.

Binti yangu alikuwa na fainali ya mita mia nane jioni. Akishinda anaingia timu ya taifa. Akishindwa, angoje mwaka mwingine. Mchana nikarudi nyumbani, nikamkuta mama yake ameketi mlangoni pa chumba chake kama askari wa benki, anashona namba kwenye fulana.

"Bingwa yuko wapi?"

"Amelala. Punguza sauti, Baba Watoto."

"Amelala? Siku ya fainali?"

"Kocha wake ndiye aliyesema alale kidogo kila mchana. Simu ya mtoto ninayo mimi, na lile pazia zito nililomshonea limeshushwa. Mle ndani ni giza totoro. Ukigusa mlango huu, leo utajipikia mwenyewe."

Mimi ni bondia mstaafu. Mtaani wananiita Nyundo. Usiku wa kuamkia pambano langu la ubingwa niliruka kamba mpaka kukapambazuka, nikijigamba kwamba usingizi ni wa wavivu. Raundi ya pili nikaanguka kama gunia, na ngumi yenyewe wala haikuwa nzito. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikasimama chini ya dirisha lake, nikapuliza filimbi kwa pumzi zangu zote.

Mbwa wakabweka. Majirani wakatoka. Fundi baiskeli akaja mbio na spana mkononi, anauliza nani kaibiwa. Binti yangu, pamba masikioni, hata kujigeuza hakujigeuza.

Jioni, kwenye kona ya mwisho, wenzake walikuwa wanahema midomo wazi. Yeye ndiyo kwanza anaanza kazi. Akawapita mmoja mmoja, kama anayewasalimia, akakata utepe peke yake. Nililia hadharani, mzee mzima, huku nikimwonyesha kila aliyekaa karibu: "Yule! Yule wangu!"

Tukarudi mtaani kifua mbele. Nikapanda juu ya benchi la fundi baiskeli nikahutubia.

"Mmeona damu ya Nyundo? Mapazia na pamba ni mapambo tu. Bingwa wa kweli halali!"

Binti yangu akavua medali yake, akanivisha mimi shingoni, taratibu, kwa heshima zote.

"Baba, usingizi haumkosi mtu. Mimi ulinikuta kitandani. Wewe ulikukuta ulingoni, mbele za watu."