Kopo Chini ya Mgomba wa Vaileth

Mwenye hela na hana benki azifiche anakotaka: kwenye godoro, kwenye pipa la mahindi, hata ndani ya Biblia. Ila asizipeleke pale Eunike alipozipeleka.

Ulikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda mlimani Meru na magari yao. Chama cha ushirika kilizoea kulipa kidogo kidogo, tena kwa kuchelewa. Hawa walipima kahawa uani na kukumwagia noti mkononi papo hapo, kama vile wanataka kuziondoa. Eunike hakuwahi kushika hela nyingi namna ile. Moyoni alizipangia kazi moja tu: mwanawe wa mwisho, Vaileth, aanze shule nzuri kule mjini, Sekei, asije akaishia darasa la saba kama mama yake.

Kesho yake akavaa gauni la kanisani, akashuka mjini mpaka benki. Kijana wa dirishani hakuinua hata uso.

"Unafanya kazi wapi, mama?"

"Mimi mkulima, baba."

"Nauliza mwajiri wako nani."

"Mvua," akasema Eunike, na foleni nzima ikacheka.

Yule kijana hakucheka. Akataka barua ya mwajiri, au mdhamini mwenye akaunti palepale. Eunike hakumjua mtu hata mmoja mwenye akaunti. Akarudi na kitita chake kifuani, kila anayemgusa njiani akimwona mwizi.

Nyumbani pa kuficha hapakuwepo. Mumewe Dismasi hakuwa mtu mbaya, lakini kila alichokiona alikigeuza mtaji. Mbuzi waligeuka spea za baiskeli, spea zikageuka maneno matupu. Eunike akawaza: ni wapi pale shambani ambapo hapachimbwi na mtu? Akapakumbuka. Nyuma ya zizi ulikuwepo mgomba ambao marehemu mama mkwe wake alizika chini yake kitovu cha Vaileth. Mgomba wa namna hiyo ni wa mtoto mwenyewe. Jembe halipiti karibu nao, na wanaume hawaambiwi hata ni upi. Eunike akatia noti kwenye kopo, akachimba, akafukia, akatandaza majani makavu juu. Akajisifu: benki gani ina mlinzi kama huyu?

Asubuhi Vaileth akausukuma uji.

"Una udongo, mama."

Eunike akauonja. Ulikuwa uji tu. Mchana mtoto akaja jikoni ameshika kitovu. "Kuna kitu kigumu kimenilalia hapa," akasema. Mvua iliponyesha akainua macho kwenye bati, akatikisa kichwa. "Mimi naisikia kwa juu zaidi, mama. Juu ya majani."

Nesi wa zahanati alisema minyoo, akatoa dawa. Lakini Eunike alijua ni lile kopo. Kila siku alishika jembe, na kila siku alilirudisha ukutani. Akizifukua, ataziweka wapi? Akajiambia, zikae tu mpaka shule zifunguliwe.

Jumapili, katikati ya wimbo, Vaileth akapanda juu ya benchi la kanisa na kupiga yowe.

"Mama! Baba ananifukua!"

Eunike alimtupa mgongoni akakimbia, viatu akaviacha palepale. Alikuta shimo, kopo tupu limelala ubavu, na mgomba umeinama kama mtu anayetapika.

Dismasi alirudi kutoka mjini jua likizama, anapiga mluzi, begani ana belo la mitumba.

"Mama Vai, kumbe unafukia mtaji! Nilikuwa nafuata mkungu, nikaona udongo umefumuka. Hela chini ya ardhi inazaa nini? Viazi?" Akamrushia kitenge kipya.

"Umempa nani zile hela?"

"Watu! Mwenye belo, wachukuzi, muuza nyama, wa vitenge... soko zima limekula."

Hapo Vaileth, aliyekuwa amekaa karibu na jiko, akaanza kusema polepole huku amefumba macho. "Niko mfukoni kwa mzee anayenuka petroli. Niko kifuani kwa mama mmoja, anacheka. Niko kwenye gari, tunakwenda Namanga." Kila alipotaja mahali, sauti yake ilipungua. Eunike akamnyanyua. Ilikuwa kama kunyanyua gauni lake tu.

Kesho yake Dismasi alirudi sokoni kuomba noti zile zile, wakamcheka: "Kaka, noti yako umeiandika jina?"

Basi Eunike akamchukua mtoto, akaenda kupanga ndizi Soko Kuu, kando ya Ndeshi, Mchaga muuza vitunguu. Hakutafuta faida. Kila noti aliyopewa alimshikisha kwanza Vaileth.

"Dada, unauza bei ya kutupa," Ndeshi akalalamika. "Sisi wengine tukauze wapi, mbinguni?"

Eunike akamweleza. Ndeshi hakulalamika tena. Akaanza kuleta noti zake pia, mtoto azishike.

Siku moja mzee wa petroli akanunua ndizi. Vaileth akaikunja ile noti kiganjani, akacheka, kicheko ambacho hakikusikika tangu ile Jumapili. Eunike akaishonea ndani ya pindo la gauni la mtoto. Noti nyingine ikarudisha joto la miguu. Nyingine ikarudisha jina la bibi yake, alilokuwa amelisahau. Halafu hazikuja tena. Mtoto alishika noti mchana kutwa na kuziachia.

"Nyingi zitakuwa benki, dada," Ndeshi akasema. "Sote hapa jioni tunapeleka huko. Twende, mimi nitakudhamini."

Mlangoni mwa benki Vaileth akasimama, akatega sikio.

"Mama, niko mle ndani."

"Wapi, mwanangu?"

"Nyuma ya mlango wa chuma. Kuna baridi. Tuko wengi, mama. Kuna na watoto siwajui."

Eunike akaingia. Ndeshi akasaini, na kijana yule yule akagonga mhuri.

"Unaweka, mama?"

"Naweka."

"Utatoa lini?"

"Kesho, mnipe noti zozote. Na keshokutwa nitaweka tena, halafu nitoe."

Kijana akamwinulia uso kwa mara ya kwanza. "Sasa faida yake nini?"

Eunike alikuwa anamtazama mama mmoja wa mlimani aliyesimama nyuma yake kwenye foleni, kashika hela mkononi. Mgongoni alibeba mtoto mkubwa tu, wa kuanza shule, na kanga aliyomfungia haikuwa imevutika hata kidogo, kana kwamba amefunga gauni tupu.