Wajumbe Waliofichwa Kapolowe

Rolly, mtu wa rais wa ligi, alipita katikati ya viti na ndoo ya plastiki, na kila mjumbe akatia simu yake ndani. Hakuna aliyebisha. Kila uchaguzi wa ligi ya mpira ulikuwa hivyo: anayegombea anawachukua wapiga kura wake mapema, anawaficha mahali penye chakula kizuri, kisha anawarudisha Likasi siku ya kura, kabla mpinzani hajawafikia. Waliita jambo hilo kuwekwa kambini, kama wachezaji kabla ya mechi kubwa.

Danielle alikuwa wa mwisho. Alikuwa bado ameshika simu yake mapajani.

"Yaya Danielle, na weye," Rolly akasema, kama mtu anayemwita dada yake. "Weye ya mpira ya babibi, hata bwana ya kukupigia hauna. Leta."

Watu wakacheka. Danielle naye akacheka kidogo kwa haya, akaiacha simu ianguke ndooni. Rolly akaomba kadi za ujumbe pia, zisipotee, alivyosema. Zile akazitia katika mkoba wake wa ngozi, ambao hakuuvua begani hata alipokuwa anakula.

Nyumba ilikuwa nyuma ya kijiji cha Kapolowe, na ukuta mrefu kuizunguka na lango la chuma. Kutoka uani uliweza kusikia harufu ya samaki wanaokaushwa na wavuvi wa ziwani, lakini ziwa lenyewe hukuliona. Kilichoonekana juu ya ukuta ni nyaya za umeme wa bwawa la Mwadingusha, zinazokwenda kwenye viwanda bila kusimama popote. Mlinzi wa lango alikuwa mpole sana. Ukimwambia unataka kutoka kununua sabuni, alikujibu kwamba sabuni italetwa, na kweli ililetwa.

Timu za wanawake za Likasi zilikuwa na mjumbe mmoja tu katika mkutano wa ligi, na zilimchagua Danielle kwa sababu hapendi kusema. Shekina, golikipa wa timu yake, ndiye aliyetoa hoja hiyo: muntu ya kusema sana wanamnunua mbio, alisema, lakini huyu hata bei hatawatajia. Magloire, rais wa ligi, alilipokea jina lake kwa furaha. Msichana anayeuza mikate asubuhi, anayejibu kwa kutikisa kichwa, angemsumbua vipi?

Hakujua kwamba Danielle alikuwa na jambo moja moyoni, na halikuwa jingine ila uwanja wa Panda, mtaani kwao. Wasichana walicheza pale tangu wakiwa wadogo. Kisha siku moja Magloire alikuja na wageni wa ng'ambo, wakapiga picha, wakasimamisha ubao uliosema kwamba shirika la dunia la mpira litaleta nyasi za kisasa. Uwanja ukazungushiwa mabati ili kazi ianze. Nyasi hazikuja. Yaliyokuja ni malori ya tajiri mmoja, yakaegeshwa ndani, na wasichana wakahamia barabarani, wakiruka pembeni kila pikipiki ilipopita. Sasa ilisemekana kwamba Magloire akipita tena, tajiri atapewa uwanja moja kwa moja. Michel, mpinzani wake, alikuwa amesimama mbele ya wasichana, mkono juu ya mabati, akaapa kwamba siku atakayochaguliwa atayang'oa yeye mwenyewe.

Kwa hiyo Danielle alikuja kambini na mpango mdogo. Atakula, atanyamaza, na siku ya kura ataingia nyuma ya pazia na kuandika Michel. Pazia ni pazia; nani atajua?

Jumamosi mchana, wakiwa wanakula bukari na samaki, Rolly alisimama akapiga sahani kwa uma.

"Simu zenu mutazipata ku mlango ya sale ya uchaguzi," akasema. "Kila muntu akiandika, apige foto ya karatasi yake mbele ya kuitia mu sanduku. Kisha ananionyesha. Asiye na foto, tutazungumuza naye."

Mezani watu waliendelea kutafuna. Danielle aliliangalia tonge lake na hakuweza kulipeleka mdomoni.

Aliyekaa karibu naye ni Papa Hilaire, mwenyekiti wa timu ndogo ya Shituru, mzee aliyewahi kuwekwa kambini na marais watatu tofauti. Alimwona.

"Kula, mutoto yangu. Kulala na njaa hakutabadilisha kintu."

"Papa, watu wa ng'ambo wanatuma muntu yao kuangalia kura. Yeye hatakataza hii mambo ya foto?"

"Ule ataketi mbele, watamupa maji ya baridi." Papa Hilaire akatoa mwiba mdomoni. "Weye unaona mabati ya Panda. Minye naona ngazi. Magloire anapiga kura Kinshasa. Wale wa Kinshasa wanaenda kupiga kura kule kwa wakubwa wa dunia. Kule kuko muntu, hajui hata Likasi iko wapi, lakini leo anaomba Mungu Magloire apite, juu kura yake inatoka huku. Unafikiri huyo atatuma muntu wa kuja kumuangusha?"

"Na weye, Papa, utamuandika nani?"

"Minye niko nakula samaki," akasema Papa Hilaire, akarudi kwenye sahani yake.

Jumapili asubuhi wajumbe Wakatoliki walidai Misa. Rolly alikuwa mtu wa kanisa la uamsho na hakuona ubaya wowote. Misa ni mahali watu wanakaa kimya na padri ndiye anayesema. Aliwapakia katika basi dogo, akawapeleka misheni, akawaketisha nyuma kabisa. Katekista wa pale, bwana mmoja mrefu aliyeitwa Guy, akamfuata mlangoni kumuuliza ni kikundi gani kile. Rolly hakutaka kutaja mpira.

"Ni batu ya sala," akasema. "Beko mu retraite."

Alidhani amemaliza. Asiyezoea parokia za kwetu hawezi kujua alichojiletea. Wageni wa kawaida wangeambiwa wasimame baada ya komunyo, wataje majina na walikotoka, wapigiwe makofi, basi. Lakini kikundi kilicho katika mafungo ya sala hakiachwi kiende hivi hivi. Matangazo yalipofika, Katekista Guy akawaita wote mbele ya altare. Waliposimama pale kwa mstari, akasema parokia ingefurahi kusikia kutoka kwa mmoja wao Bwana amewaonyesha nini katika mafungo yao.

Wajumbe wakatazamana. Papa Hilaire akawa anachunguza viatu vyake. Mjumbe mmoja mnene akamsukuma Danielle mgongoni taratibu, akanong'ona, "Mutoto mwanamuke aseme, itapendeza," na Danielle akajikuta ameshikishwa kipaza sauti.

Aliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yake. Aliona kwaya, aliona watoto wameketi sakafuni, na nyuma mlangoni alimwona Rolly, mkono wake juu ya mkoba. Alitaka kusema asante na kurudisha kile kipaza sauti. Lakini alikuwa mbele ya altare, na uongo ulikuwa umeshasemwa mahali pale, na sasa ulikuwa unamsubiri yeye aendelee nao.

"Minye naitwa Danielle, natoka Likasi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini chombo kiliikuza. "Hatuko mu retraite. Tuko wapiga kura wa ligi ya mpira. Président Magloire alitufungia mu nyumba na ukuta. Simu walichukua. Kesho tunaenda kuchagua, na kila muntu lazima aonyeshe foto alichagua nani. Uwanja ya batoto yangu iko mu ile kura. Njo ile nilikuwa nayo ya kusema."

Padri alikuwa amefungua mdomo kidogo, kama mtu aliyesahau sala. Katekista Guy ndiye aliyejua la kufanya: alichukua kipaza sauti, akasema tuwaombee ndugu zetu, na watu wote wakainuka wakasali Baba Yetu kwa sauti nzito, nzuri, mpaka mwisho. Kisha Misa ikafungwa kwa baraka kama Jumapili nyingine, na nje basi lilikuwa limeshawashwa.

Katekista alimwahi Danielle kwenye ngazi za kanisa.

"Dada, usiingie mule," akamwambia. "Bakia. Iko pikipiki yangu, nakufikisha kwenu mbele ya jua kushuka. Hakuna atakayekugusa hapa, watu wote wameona."

Ilikuwa kweli. Rolly alisimama kando ya basi, na akina mama wa parokia walikuwa wamejipanga kimya kimya kati yake na ngazi. Barabara ya Likasi ilionekana, wazi, na mwanamke mmoja anasukuma baiskeli yenye mkaa. Danielle angeweza kwenda. Rolly aliona anavyoitazama ile barabara, na hakumfokea. Aliufungua tu mkoba wake, akatoa kadi moja, akaiinua kidogo ili Danielle aione picha yake mwenyewe, kisha akairudisha ndani na kufunga zipu.

Bila kadi hakuna kuingia ukumbini. Akienda na pikipiki, atafika Panda akiwa huru kabisa, na kura ya wasichana itabaki Kapolowe ndani ya ule mkoba.

"Aksanti, baba," Danielle akamwambia katekista. "Mungu akubariki."

Akapita katikati ya wale akina mama. Mmoja alimshika mkono, akauachia. Alipanda basi mwenyewe, na ndani hakuna aliyemsogelea. Hata yule mnene aliyemsukuma alihamia kiti kingine.

Rolly alikaa mbele yake, akageuka.

"Unaniharibia kazi, yaya. Minye iko na batoto."

"Na minye iko na bangu," Danielle akasema.

Siku ile yote alingoja adhabu, na adhabu haikuja. Aliletewa chakula kama wengine. Hilo ndilo lililomtia hofu zaidi.

Jumatatu ukumbi wa Likasi ulijaa. Wajumbe walikuwa wamevishwa mashati na blauzi za kitenge kipya, chenye sura ya Magloire kifuani na mgongoni. Danielle alikuwa amekataa ya kwake, akabaki na blauzi yake ya kawaida. Mbele aliketi mjumbe wa shirika la dunia, mzungu wa makamo mwenye macho mema, chupa ya maji baridi mbele yake. Mlangoni kadi zilirudishwa. Simu zilirudishwa pia, na Rolly hakutaja foto tena.

Magloire alisimama kusema. Alikuwa na sauti ya baba wa nyumba.

"Nimesikia jana kanisani Kapolowe kulisemwa maneno," akaanza, na watu wakageuza vichwa kumtafuta Danielle. "Kwamba eti tunaficha watu, eti tunapeleleza karatasi. Wapenzi wangu, minye sitaki siri. Leo tusitumie karatasi wala sanduku. Tuchague hapa, mbele ya macho ya wote na mbele ya mgeni wetu. Na kwa sababu mpira ni umoja, ndugu yangu Michel ana neno."

Michel alipanda jukwaani bila kuangalia upande wa wajumbe. Alisema ametafakari sana, na kwa ajili ya umoja wa mpira wa Likasi anaondoa jina lake na kumuunga mkono kaka yake, ambaye amemwomba awe makamu wake. Walikumbatiana. Mgeni wa ng'ambo, aliyekuwa anatafsiriwa sikioni, alitikisa kichwa kwa furaha na kuandika kitu.

Danielle aliona jinsi mtego ulivyofungwa. Alikuwa amerudi ndani ya lile basi kwa ajili ya karatasi, na sasa karatasi yenyewe haikuwepo, na aliyeiondoa ameiondoa kwa kisingizio cha maneno aliyoyasema yeye kanisani.

"Sheria inanitaka niulize," akasema msimamizi wa kikao. "Kuna anayepinga?"

Danielle akasimama. Papa Hilaire alimvuta blauzi.

"Kaa, mutoto. Imekwisha."

"Minye napinga," Danielle akasema. Hapakuwa na kipaza sauti safari hii. "Mimi ni mjumbe wa timu za wanawake, na wanawake wa Likasi wanapinga. Mabati ya Panda..."

"Mmoja anapinga," msimamizi akasema kwa upole. "Iandikwe. Wengine wote, tumpigie rais wetu makofi."

Na ukumbi mzima ukasimama. Viti vilikwaruza sakafu, makofi yakapanda mpaka kwenye mabati ya paa, mtu akapuliza vuvuzela. Danielle alikuwa bado amesimama, katikati yao, kama wao. Mzungu kule mbele aliwatazama wote waliosimama, macho yake yakapita juu ya Danielle pamoja na wengine, akaanza naye kupiga makofi.

Ndipo Danielle akaketi.

Kutoka pale chini hakuona jukwaa wala Magloire wala mgeni. Aliona migongo tu, pande zote, na katika kila mgongo ile sura moja inacheka. Simu yake ilikuwa inatetemeka mkononi. Alijua ni Shekina, kwamba wasichana wamekusanyika mbele ya yale mabati ya Panda na wanataka kujua kama waanze kuimba. Hakuipokea.

Mpiga picha alipita akipanga watu, akamwona.

"Dada, simama. Unaacha tundu mu foto."

"Acha ikae hivyo," Danielle akasema, na akabaki kwenye kiti chake.