Keki ya Pembe Nne, Wajomba Watano

Watu wa Manika, pale Kolwezi, watakwambia kwamba keki ya arusi ya Mianda, mwaka wa sabini na nne, ilikuwa kubwa kama mlango wa behewa. Wanatia chumvi. Ilikuwa kama dirisha la behewa tu. Lakini ilikuwa ya mraba, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mama Sikudhani, mwoka mikate, aliioka ndani ya sinia la bati, sinia pekee alilokuwa nalo. Sasa, Mianda, bibi arusi, alikuwa na wajomba watano, na kila mmoja alikwisha kuapa: akipewa kidogo kuliko nduguye, habariki mtu, anapanda treni anarudi Tenke. Tena kila mmoja alitaka pembe, maana penye pembe ganda liko pande mbili, kavu, limejaa sukari.

"Pembe ziko ine, siye tuko batano," alisema Banza, mjomba mkubwa. "Mi nachagua wa kwanza."

"Juu ya nini? Juu ya lile tumbo lako?" mdogo wake akamrushia.

Akaitwa Tata Kisimba, mpima viwanja. Akapima kwa rula, akaandika, akafuta, akatoka jasho.

"Ba citoyens, bandugu, haiwezekani. Mama alipashwa kupika ya duara. Lakini mutu hakusoma, utamufanya nini?"

Neno hilo lilimchoma Mama Sikudhani. Mikate yake ililiwa mpaka Dilolo; leo arusi ivunjike, na jina lake livunjike nayo? Akafungua kamba iliyofunga kikapu chake.

"Tata Kisimba, shika huku."

Akaizungusha kwenye kingo zote za keki, akaikata hapo ilipokutana, akaikunja mara tano sawasawa, akafunga fundo kila mkunjo. Akairudisha kuzunguka keki, akianzia katikati ya upande mmoja, na penye kila fundo akachomeka njiti ya kiberiti. Kisha nyuzi mbili, pembe kwa pembe; zilipopishana, ndiyo katikati. Kisu kikatoka kwenye kila njiti kikaishia pale. Vipande vinne vikapata pembe. Cha tano kikawa pembetatu, kama paa la nyumba, ganda upande mmoja tu. Kikamwangukia Banza.

"Mama! Yangu iko bila pembe!"

"Leteni mizani."

Mizani ikatoka dukani kwa Abibu. Ilikuwa imezoea kupunja wateja tangu enzi za Wabelgiji, lakini siku ile iliona haya, ikasema kweli. Pembetatu huku, pembe kule: haikutikisika. Akalaza kamba juu ya ganda la kila kipande: fundo kwa fundo, sawa.

Banza akakichukua kipande chake, akakiuma. Akabariki arusi mdomo umejaa.

Tata Kisimba akasogea. "Mama, ulisomea wapi?"

"Kwangu. Niko na batoto batano na sinia moja ya pembe ine. Kila siku banalia juu ya pembe. Ile njo masomo yangu."

Akaikunja kamba, akaichomeka kwenye kilemba, akapita katikati ya watu polepole, kichwa juu. Ungedhani arusi ni yake.